Hema la Rogathe Lililolowa Bila Mvua

Rogathe wa kijiji cha Masieda ni mtu wa kuuliza. Wengine kitu kikiharibika wanakitupa, yeye anakifungua. Redio ya mume wake aliifungua, pampu ya baiskeli aliifungua, na kuna siku alishinda kwenye mashine ya kusaga, unga umemjaa hadi kwenye nyusi, kwa sababu tu alitaka kuona mahindi yanapita wapi kabla hayajawa unga. Majirani wanamcheka sana. Sulle, mume wake, alishazoea, bisibisi ikipotea nyumbani anajua wa kumuuliza.

Masika haya, hata hivyo, udadisi wake ulipata kazi ya kweli. Mvua zilipochanganya, ukuta wa nyuma wa nyumba yao ya udongo uliinama, ukalala chini pamoja na nusu ya paa. Bahati nzuri wote walikuwa shambani. Ng'ombe wakubwa wakapelekwa kwa jirani yao Margwe, na fundi akasema nyumba mpya ataianza mvua zikipungua. Sasa walale wapi?

Benedict, kaka mkubwa wa Sulle, alikuja na gari lake kutoka Haydom, ambako ana duka la dawa za mifugo na nyumba ya bati yenye sakafu ya vigae. Alikuja kumchukua mama yao, Bibi Marieta. Chumba kipo, kitanda kipo, alisema, mama atakaa huko na nyie mtajua la kufanya. Bibi Marieta hakubisha kwa sauti. Alitazama nyuma ya nyumba iliyoanguka, alipozikwa mume wake, akasema, "Nikiondoka hapa na umri huu, Benedict, mtanirudisha nimelala."

Rogathe alimpenda huyu mama kuliko anavyojua kusema. Ndiye aliyemfundisha kukamua, ndiye aliyemtetea siku ya ile redio. Kabla hajafikiri vizuri maneno yakamtoka: lipo hema, tutakaa hapa hapa, na mama atalala pakavu.

Hema lenyewe Sulle alilipata mnadani, mtumba, likiwa limekunjwa ndani ya mfuko wenye picha ya familia ya Wazungu wanacheka kando ya ziwa, jua linawaka. Hata tone la mvua halikuonekana kwenye ile picha, wala hakuna aliyejifunika blanketi. Benedict aliitazama, akatikisa kichwa. Akatoa sharti lake mbele ya wote: Jumapili ataingia humo, ataweka mkono wake kwenye blanketi la mama. Akilikuta limelowa, anaondoka naye siku hiyo hiyo na hakuna mjadala. Bibi mwenyewe akakubali, maana kifua chake hakipendi unyevu na analijua hilo.

Basi wakalisimamisha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kulala kwenye hema, na ilionekana. Fito ziliingizwa upande usio wake, zikatolewa, zikaingizwa tena, na watoto wakaambiwa wakacheke kwa Margwe. Mwishowe likasimama, limeegemea kidogo upande mmoja, lakini limesimama. Chini Rogathe alitandika turubai kubwa la kuanikia maharage, akalitoa nje pande zote kama zulia, kwa sababu alitaka pawe na nafasi safi ya kuvulia viatu.

Mvua ya kwanza ikamfundisha. Matone yaliyoteleza kwenye hema yalitua juu ya lile turubai, yakakosa pa kwenda, yakatambaa yote chini ya magodoro. Asubuhi Sulle alikamua godoro lake, akaliegemeza kwenye mti likauke. Rogathe akakunja turubai lote likaingia chini ya hema, pasionekane hata ncha. Akachimba mfereji kuzunguka, kama wanavyochimba kwenye zizi. Kisha akachukua kipande cha mshumaa, akasugua mishono yote ya kitambaa cha juu, kile cha kukinga mvua, mmoja baada ya mwingine, ulimi nje.

Mvua iliyofuata ilipiga kweli kweli. Rogathe alikesha akipapasa chini, kukavu. Akapapasa mishono, mikavu. Alilala na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani. Kulipokucha, blanketi la Bibi Marieta lilikuwa limelowa.

Hapo alichanganyikiwa. Akamwomba Sulle apande kwenye stuli na ndoo, amwagie maji juu ya hema wakati yeye amekaa ndani anatazama. Sulle akamwaga ndoo moja, akamwaga na nyingine, na Margwe akasimama barabarani akiuliza kama hawa watu mvua haiwatoshi. Ndani halikuingia hata tone. Rogathe akatoka anakuna kichwa. Kama maji hayapiti juu, na hayapiti chini, yanapita wapi?

Usiku uliofuata mvua haikunyesha kabisa. Nyota zilijaa, na baridi ya huku kwetu mnaijua, ile ya kuuma masikio. Wakafunga kila kitu, madirisha, mlango, hata kitundu kidogo kilichokuwa juu ya hema Rogathe alikiziba na kanga ya zamani. Asubuhi majivu ya jiko la nje yalikuwa makavu, na ndani ya hema maji yalikuwa yanadondoka.

Mwingine angekata tamaa, maana ilishakuwa Ijumaa. Bibi Marieta mwenyewe alianza kukunja kanga zake taratibu na kuziweka kwenye mfuko, bila kumwambia mtu. Rogathe aliuona ule mfuko na machozi yakamlenga. Lakini udadisi ni ugonjwa wake, hata na machozi machoni alikuwa anashangaa: maji haya bila mvua ni maji gani? Akachovya kidole, akaonja. Hayana ladha. Akajilaza chali kwenye godoro, akaanza kukagua dari kama mtu anayetafuta chawa kwenye nguo.

Ndipo akaona kuwa matone hayakulingana. Juu ya watoto yalikuwa madogo. Juu yake na Sulle yalikuwa ya wastani. Lakini kwenye kona ya Bibi yalikuwa manene, yamepangana, yanasukumana kushuka. Na kwenye kona ya Bibi, miguuni pake, alilala ndama.

Hili inabidi nilieleze kwa asiyetoka kwetu. Bibi Marieta tangu azaliwe hajawahi kulala kwenye nyumba isiyo na mifugo. Watu upande huu, mifugo upande ule, moto katikati, ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyolea. Nyumba ilipoanguka, aliwaacha ng'ombe wakubwa waende, ila ndama na kondoo wawili aliwaingiza hemani kwa mkono wake mwenyewe. Fisi wapo, alisema, na baridi ipo. Hakuna aliyeona ajabu. Rogathe naye hakuona ajabu, na yeye ndiye wa kushangaa kila kitu.

Sasa alimtazama yule ndama. Kila alipotoa pumzi, moshi mweupe ulitoka puani, ukapanda, ukakutana na kitambaa cha baridi, ukaishia hapo. Akageuka kwa Bibi, moshi. Kwa Sulle anayekoroma, moshi mwingi. Rogathe akakaa kitako, akacheka peke yake. Hema halikuwa linavuja. Wao wenyewe ndio walikuwa wanainyesha ile mvua! Nyumba ya udongo ilikuwa na moto wa kukausha na matundu kila mahali, pumzi inapotea bila mtu kuijua. Humu moto hauwashwi, na matundu yote ameyaziba yeye, kwa juhudi.

Kuelewa kulikuwa rahisi. Kumwambia Bibi ndiyo ilikuwa shughuli. Rogathe alipiga magoti mbele yake, akamweleza yote, akamwonyesha zile kona. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Nitalalaje nisiposikia ng'ombe anapumua? Hiyo itakuwa stoo, siyo nyumba."

Rogathe alitoka na swali hilo. Jumamosi nzima alizunguka hema. Jioni akamwita Sulle na panga. Wakakata miti, wakajenga kibanda kidogo cha ndama na kondoo, wakakisuka kwa miiba dhidi ya fisi, wakakiezeka kwa mabati yaliyonusurika. Walikiweka karibu kabisa na hema, kwenye kona ile ile ya Bibi, hadi kati ya pua ya ndama na sikio la Bibi ikabaki nafasi ya mkono na kitambaa cha hema. Kisha akatoa ile kanga juu, akafungua dirisha moja lenye neti upande usiopigwa na upepo, chini ya kile kitambaa cha juu, alichokivuta kwa kamba ili mvua isiingie. Sulle alilalamika baridi. Akaambiwa avae koti.

Bibi alilala akiwa ameelekeza sikio ukutani. Baada ya muda akanong'ona, "Namsikia." Akalala fofofo.

Jumapili Benedict alifika mchana, mvua ikiwa imeshaanza. Rogathe alimpa shikamoo, akamfungulia zipu ya mlango. Shemeji yake hakukaa hata kidogo, aliinama akaingia, akaweka mkono chini ya blanketi. Akautoa, akautazama. Akaweka tena, upande wa miguu. Akalivuta blanketi akaliweka shavuni, kama mwanamke anayenunua kitenge. Kavu. Kisha akaliona dirisha, akakunja uso, akasema mnamfungulia mama mvua, akanyoosha mkono kufunga zipu. Bibi akamwambia aliache.

Akaliacha, lakini mvua haikumwacha yeye. Korongo la njia ya Haydom lilijaa, gari halikuweza kupita, na giza lilipoingia Benedict alikuwa amekunja miguu yake mirefu kwenye godoro la watoto, kando ya mama yake, hajalala hivyo tangu aende shule. Alilala upesi, na pumzi zake zilikuwa nzito, zinajaza hema.

Bibi Marieta alimsikiliza huyu wa ndani, akamsikiliza na yule wa nje.

"Rogathe," akasema taratibu, asimwamshe Benedict, "fungua na lile dirisha lingine. Leo ndama wangu wote wawili wapo."

Rogathe akanyanyuka gizani, akaitafuta zipu kwa vidole, akafungua.