Kitambaa Kwenye King'ora

Kazini walimwita Breki kwa sababu hakuwa nazo: mdomo ulitangulia, mikono ikafuata, akili ikaja mwisho ikihema. Kazi yake ilikuwa kukaa chini na kumwangalia shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, fundi rangi aliyepaka kuta za maghorofa akiwa ndani ya kikapu cha mashine ya kuinulia watu.

Mashine ile ilikuwa na king'ora cha kuonya kila iliposimama upande upande. Kililia hata kwa kijiwe. Asubuhi moja Breki kilimchosha, akakisokomezea kitambaa cha kufutia rangi. "Haya, lia sasa tukuone!" alikiambia, akacheka peke yake mpaka basi.

Haukupita muda, shemeji akaisogeza mashine akiwa huko huko juu. Gurudumu moja likakanyaga mtaro uliofukiwa juzi, likadidimia. Kikapu kikamtupa nje. Mkanda ulimdaka, lakini alijibamiza ukutani, nyonga ikavunjika. Breki alikimbilia vishikio vya kuendeshea mashine kutoka chini, akamteremsha akilia kama mtoto. Watu walipomzunguka majeruhi, yeye akachomoa kitambaa na kukitia mfukoni. Hapo, jamani, ndipo alipoharibu kabisa.

Maana wakaguzi walipokijaribu king'ora, kilipiga kelele hadi wakaziba masikio. "Mashine ni nzima," walisema. "Mwenye kasoro ni mtu." Wakubwa wakaamua fundi akipona asipande tena, akafagie stoo. Naye mwenyewe akaamini masikio yake yamekufa.

Nyumbani dada akaanza kuzungumza na mumewe kwa kupayuka, hata akimuuliza habari ya chumvi. Breki akija kumjulia hali mgonjwa, anapewa kiti kizuri na mnofu mkubwa.

"KULA, MDOGO WANGU!" dada alisema, maana alishazoea kupayuka. "Bila wewe leo ningekuwa mjane." Akaenda jikoni.

Breki aliugeuzageuza mnofu bila kuuma. Aibu ilimla, na woga ukamla zaidi.

"Shemeji," mgonjwa alisema, "kule juu nilikuwa mtu. Nilijua kazi yangu. Sasa najiogopa mwenyewe. Mtu asiyesikia king'ora, atamsikiaje mwanawe akilia usiku?"

Breki aliinamia sahani. Akataka kusema, akataka pia asisikike. Ikamtoka kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kutoa maishani.

"Ni mimi nilikiziba. Kwa kitambaa. Halafu nikakitoa."

Kijiko cha mgonjwa kilisimama hewani. Alikiweka chini polepole, macho yakimlenga Breki, yakajaa machozi.

"NIWALETEE MAJI?" dada alipayuka kutoka jikoni.

"Usipige kelele, mke wangu," alisema, bila kumwondolea Breki macho. "Nasikia vizuri."