Mifupa ya Maabara

Mjomba wangu alitunza maabara ya shule kwa miaka thelathini na moja, na rafiki yake mkubwa pale kazini hakuwa na nyama. Alikuwa mifupa mitupu, ya mtu kweli, iliyoletwa shuleni vipande vipande ndani ya sanduku. Mjomba alikaa wiki tatu akiitoboa na kuiunga kwa waya mpaka ikasimama, na akajisifu mpaka tukakoma. Kila Jumatatu aliifuta vumbi kwa brashi na kuiamkia shikamoo, kwa kuwa hakujua nani kati yao mkubwa. Mama yangu, dada yake, alisema kaka yake ana walakini.

Zikiwa zimebaki wiki mbili astaafu, mwalimu mkuu aliamua kuibadilisha mifupa hiyo kwa hadubini mbili za shule nyingine. Mjomba akaomba izikwe, akakataliwa. Ijumaa akakamatwa getini, mifupa ikiwa begini. Akashtakiwa kwa wizi wa mali ya shule. Nampenda sana mjomba, lakini siku ile ningeweza kumzaba kofi.

“Mzee,” wakili alimwambia, “maiti si mali ya mtu, haiibiki. Ila ikishatengenezwa kwa ufundi ikawa kifaa, inaweza kuhesabiwa mali. Kwa hiyo habari za waya, kimya.”

Kumwambia mjomba asijisifu ni kumpigia mbuzi gitaa.

Mahakamani, mwendesha mashtaka akamuuliza ni nani aliyeiunga mifupa ile.

“Mimi,” akasema mjomba. “Kwa mikono hii. Na hutapata kazi safi kama ile.”

Nikajua jela hiyo.

“Ndiyo maana,” mjomba akaendelea, “kabla ya kumtoa nilifungua waya wote, mmoja mmoja. Uko mezani maabara, pamoja na skrubu na stendi. Ufundi ni wa shule, nimewaachia. Niliyemchukua ni mtu.”

Hakimu akaagiza watu wakaangalie. Vyote vilikuwepo. Akasema hakuona kilichoibwa, akamwachia mjomba na kuamuru mifupa izikwe. Mwalimu mkuu akafyonya.

Karani akaleta fomu ya maziko. Palitakiwa saini za ndugu wawili wa marehemu. Mjomba akasaini pa kwanza, kisha akabaki ameshika kalamu, hajui ampe nani. Mama akainuka kwenye benchi, akaichukua.

“Hebu sogea,” akasema, akasaini.