Kanga Aliyotandikiwa Nahla

Siku ya kuwaaga wanafunzi wa diploma ya kimataifa, shule ya serikali pale Bowie, Marekani, iliwawekea wazazi wa kila mwanafunzi viti viwili tu. Vya Nahla vilikaliwa na baba yake na yule mke msomi aliyemwoa baada ya kumwacha Time, mama yake Nahla.

"Wewe simama tu huko nyuma, Mama Nahla," alisema yule baba. "Hotuba zenyewe za Kiingereza."

Time hakujua darasa, lakini ndiye aliyemlea Nahla peke yake kwa kufua mashuka ya hoteli. Akasimama mlangoni na mkoba wake. Ndani mlikuwa na kanga mpya. Kwao Unguja, mtoto akipata heshima, mama humtandikia kanga apite juu yake. Wanafunzi walipoanza kutoka, akaitandika.

Nahla akaiona, akasita. Wenzake walikuwa wanatazama.

"Mama, itoe," akanong'ona kwa Kiingereza chepesi, ambacho Time alikielewa. "Wataikanyaga."

Akaizunguka, akaenda kupigwa picha na baba yake.

"Uikanyage wewe, mwanangu, ndiyo yako," Time akajibu, lakini Nahla alikuwa keshafika mbali.

Akaiokota na kuikung'uta, ingawa haikuwa na vumbi.