Mnyama wa Begani kwa Mzee Thani

Bi Rahila binti Thani hana subira na mtu anayesema jambo asilolijua. Alipokuwa nesi Nizwa, huko Omani, madaktari wenyewe walimwogopa. Tangu astaafu amebaki na watu wawili wa kuwagombeza, muuza samaki na mdogo wake Khelef, na Khelef ndiye anayepata fungu kubwa.

Baba yao, Mzee Thani, alizaliwa Tabora. Ujanani aliendesha malori ya jeshi la Mwingereza huko Burma, na uzeeni akarudi na wanawe Ibra, kwa asili yao. Alipofariki, sandukuni mwake kilionekana kitambaa cha kushonwa begani, na juu yake kichwa cha mnyama mweusi. Cha kikosi gani, hakuna aliyejua. Nondo walikwisha kukila, mnyama kabaki na pua ndefu, jicho na masikio. Jamaa wakatazamana. Nguruwe! Mwislamu kavaa nguruwe begani! Tangu siku hiyo hadithi za Burma zikafa nyumbani, na jina la mzee likawa la kutajwa kwa sauti ya chini. Bi Rahila jambo hilo lilimuuma kama jino bovu.

Mwaka huu Khelef kajenga majlisi mpya, ukumbi wa kupokelea wageni, yenye kabati la vioo la kuwekea vitu vya wazee. Siku ya kuifungua Bi Rahila akaendesha gari kutoka Nizwa mpaka Ibra, kitambaa kimo mkobani.

"Weka na cha baba," akasema.

"Dada, wageni wanakuja baada ya alasiri! Nikiweka khanziri humu, nani atakunywa kahawa yangu? Nipe nikichome, khalas."

Bi Rahila hakumpa. Alikwenda nacho dirishani, akakiinua kwenye jua. Juu ya pua ya mnyama akaona vitobo vidogo, vimefuatana. Tangu usichana wake anashona kofia za viua, na ajua kwamba uzi huoza lakini tobo la sindano hubaki.

"Khelef, njoo uone. Hapa palishonwa kitu."

"Nondo hao."

"Nondo gani atoboaye kwa mstari? Kasomea wapi?"

"Na wewe utashona utakalo, kisha uniambie ndilo lililokuwapo."

"Basi shona wewe!"

Akatunga uzi mweupe, akamtia sindano mkononi. Khelef, mtu mzima na masharubu yake, kanzu imepigwa pasi kwa ajili ya wageni, akaketi dirishani akipitisha uzi tobo kwa tobo, taratibu, mishono milegevu inayoweza kufumuliwa. Alijichoma, akailaani sindano kwa Kiarabu, akaendelea. Mstari ukapanda kutoka kwenye pua, ukapinda, ukachongoka. Nyuma yake ukainuka mwingine mfupi. Hapo mkono ukasita.

"Lahaula! Pembe."

"Ngapi?"

"Mbili."

"Na nguruwe wa kwenu huota pembe juu ya pua?"

Khelef akakisogeza kitambaa kwenye jua. "Kifaru," akasema. "Wallahi, dada, ni kifaru."

Shurooq, binti yake Khelef, aliyekuwa akipanga tende, alikwisha kuchomoa simu. Hakutafuta sana. "Shangazi, ona! Hii kifaru yao sawasawa na hii ya babu!" Pichani askari wa divisheni ya Afrika Mashariki wamesimama kwenye matope ya Burma, begani kichwa cha kifaru. Bi Rahila alicheka, machozi yakimtoka, akamkumbatia mtoto mpaka simu ikaanguka. Baba yake hakuwa na la kuonewa haya, na sasa ukweli huo ulikuwa umeonekana kwa macho.

Wageni walipoingia, wa Sur na wa Izki, kitambaa kilikuwa kwenye rafu ya juu ya kabati, juu ya majambia. Mmoja akauliza ni kitu gani kile.

"Alama ya kikosi cha baba yangu," Khelef akajibu, na sauti hakuipunguza. "Alikuwa Burma. Miaka yote mimi nikimwita mnyama huyu nguruwe. Pembe zake leo nimezirudisha kwa mkono huu." Akawaonyesha kidole kilichochomwa.

Bi Rahila alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya mlango. Hakungoja kahawa izunguke. Akaufungua mlango, akasimama katikati ya wanaume, akalitaja kwa sauti jina la baba yake, akalipigia kigelegele, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.