Maji ya Kwanza

Miaka ya sabini nilikuwa nauza magome na mizizi sokoni Kahama. Nilijulikana kwa kitu kimoja: sikuachia fungu kabla ya kulihesabu mara mbili, mteja awe shehe au padri. Mteja wangu mgumu kuliko wote alikuwa mama mmoja mtaalamu wa kemia kutoka Dar es Salaam. Alinunua magome ya mti niliokuwa nikiubandua porini, upande wa Nyarugusu. Aliniambia atayasaga, atayaloweka kwenye spiriti, kisha atazitenga dawa zilizomo moja moja na kuzidondoshea seli za saratani ndani ya vichupa.

"Na zikifa?" nilimuuliza.

"Zikifa tutaonana."

Masika yaliyofuata tukaonana. "Bwana Bei," alisema hata kabla ya salamu, kwa jina alilonipa tukibishania bei, "magome yako yanaua."

Nilifurahi kuliko alivyotegemea. Mama yangu kule kijijini alikuwa na uvimbe kwenye titi, na tangu mavuno alikuwa akinywa magome ya mti uleule. Nilipomwambia mtaalamu hivyo, tabasamu lilimkauka.

"Anakunywa? Sikiliza, kaka. Yameua seli za saratani, na seli zenye afya nilizoweka kando nazo zimekufa. Hayachagui."

Sikufunga hata turubai la kibanda, nikakimbilia basi la kijijini. Ndani ya basi kondakta alinipandishia nauli, nikalipa bila kubishana. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeogopa kweli.

Nilimkuta mama anapepeta mpunga. "Shikamoo, mayu. Dawa umekunywa?"

"Marahaba. Huko mjini siku hizi ndivyo mnavyosalimia?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Kwani mimi mtoto? Maji ya kwanza yakishachemka tunayamwaga shimoni, tunafukia. Mbuzi wa jirani aliyanywa, hakufika zizini. Sisi tunachemsha tena, tunakunywa ya pili."

Hofu iliniondoka, nikakaa chini kando ya ungo. Kisha, kwa mazoea yangu, nikapiga hesabu mara ya pili. Kama kinachoua kimeondoka na maji ya kwanza, hayo ya pili yamebaki na nini?

"Mayu, huo uvimbe. Ulisema ni kama punje ya mahindi."

Aliushika mkono wangu, akaukandamiza juu ya khanga yake. Niligusa kitu kigumu, kikubwa kama yai.

"Labda nionje ya kwanza," alisema polepole. "Nusu kijiko. Tupatane hapo."

Maisha yangu yote nimekula kwa kupatana. "Hapana. Kesho Mwanza, hospitali kubwa."

"Na mpunga? Subiri niumalize kwanza."

"Hapana."

"Robo kijiko, basi."

Sikuwa na bei ya pili, nikatikisa kichwa. Alinitazama kama anavyomtazama muuzaji asiyeshusha bei. Kisha akainua chungu cha dawa mafigani, akaimwaga yote shimoni, akaanza kufukia kwa mguu.