Siku Niliyopalilia Bustani ya Jiji

Wasomaji wangu, leo naweza kucheka, lakini siku ile sikucheka. Mzee Seif wa Kisarawe alikuwa hajaridhia nimwoe binti yake, Mwanahawa. Alisema mtu wa kalamu hawezi kulisha nyumba. Basi nikamtembeza Dar es Salaam, katika bustani kongwe iliyopandwa tangu enzi za Wajerumani, nipate nafasi ya kumwonyesha kwamba mimi, mzaliwa wa kijijini Soga, ni mtoto wa jembe.

Chini ya miti mirefu nikaona tuta limejaa magugu yale yale yanayotusumbua kwenye mihogo. Moyo wangu ukapanda kama bendera.

"Nchi ni yetu, mzee, na bustani ni yetu," nikasema. Nikapiga magoti na suruali yangu mpya, nikang'oa mpaka ukabaki udongo mtupu.

"Kumbe mkono unao," akasema Mzee Seif. Nikajiona bwana harusi.

Mtunza bustani akatokea na ndoo ya maji. Akaitua ndoo, akalitazama tuta.

"Maua yangu ya wiki tatu," akasema taratibu. Kisha akamgeukia mzee. "Shikamoo. Huyu ni mwanao?"

"Marahaba," akajibu Mzee Seif, akijikung'uta kanzu. "Hapana, baba. Tumekutana hapa hapa."