Siku Bibi Alipovuka Kigamboni

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja hapa Mandewa, Singida, kuniaga. Shule yao inawapeleka Dar es Salaam kutembea, basi akakaa kwenye mkeka, akafungua simu, akaanza kunisomea mambo ya kuona na kufanya huko: ufukwe, Makumbusho, soko la Kariakoo, kuvuka na pantoni kwenda Kigamboni. Kisha akaniuliza, kwa huruma kabisa, kama nimewahi kuiona bahari. Nilicheka hadi nikakohoa. Mwenzangu, vyote hivyo nilivitembelea kabla hata baba yake hajazaliwa, na mpaka leo nikisikia mtu anataja Kigamboni mwili unanisisimka.

Ngoja nikueleze vizuri, usije ukadhani nimezeeka vibaya.

Sisi ni watu wa upande wa Iguguno, lakini siyo hapo barabarani. Tulikaa ndani huko, kila nyumba na shamba lake, jirani unamwona kwa moshi tu. Bibi yangu mzaa baba ndiye aliyenilea. Mtoto wake wa mwisho, yaani baba yangu mdogo, aliondoka kwenda Pwani kutafuta kazi mimi nikiwa bado nanyonya, na hakuleta salamu tena. Uhuru ukaja, yeye kimya. Wazee wa ukoo wakasema mtu asiyejulikana aliko anazurura, na akizurura anasumbua walio hai, kwa hiyo azikwe.

Wakakata gogo lenye urefu wa mtu. Wakalivika shuka lake alilokuwa ameliacha, wakalibeba kwa vilio kama maiti, wakalilaza kaburini nyuma ya zizi la ng'ombe. Bibi ndiye aliyetakiwa kumwita jina lake mpaka udongo ufunike. Alimwita. Halafu mzee mmoja akampa sharti mbele yetu sote: tangu sasa asilitaje tena jina hilo wala asiitike sauti yake. Ikitokea siku amerudi mzima, kwanza kaburi lifukuliwe, gogo litolewe na kuchomwa, ndipo mama amwite. Akimwita kabla ya hapo, amemzika kweli.

Mimi nilikuwa mdogo, nikamuuliza mama yangu baba mdogo yuko wapi. Akasema yuko Pwani. Nikatazama lile tuta la udongo mbichi, nikaelewa kwa akili yangu ya kitoto: Pwani ni chini huko, ndiko wanakokwenda waliozikwa.

Sasa fikiria hali yangu siku nilipoambiwa tunakwenda Pwani.

Nilikuwa darasa la tatu. Shangazi, dada yake huyo huyo baba mdogo, alikuwa ameolewa Dar es Salaam na amejifungua, na bibi alikuwa anakwenda kumwangalia mzazi. Bibi Kiswahili kilikuwa kinampiga chenga, anajua "shikamoo" na "bei gani" basi, kwa hiyo mimi mwanafunzi nikachukuliwa niwe ulimi wake. Nililia. Walidhani naogopa safari. Tukapanda lori hadi Manyoni, tukalala stesheni na kuku wetu ndani ya tenga, na kibuyu cha asali, na unga wa uwele ambao bibi aliukalia kama mto asije akaibiwa. Treni ilipotuchukua nilishika kanga ya bibi na sikuiachia. Kila stesheni wanawake walisukuma vikapu dirishani, karanga, mayai ya kuchemsha, miwa, na mimi nilikuwa nazitazama nyuso zao nikijiuliza ni nani kati yao bado yuko hai.

Dar es Salaam ilinithibitishia. Jamani, watu wanapita hawasalimiani! Kwetu hata mtu usiyempenda unamsalimia, na mtoto asiyeamkia wakubwa anachapwa. Pale bibi alisimama nje ya stesheni akiwaamkia watu wazima wenzake kwa adabu zote, nao wakampita kama hawamwoni. Joto lilikuwa linatoka chini, kwenye ardhi yenyewe. Hewa ilikuwa na harufu ya chumvi na kitu kilichooza. Nikasema moyoni, ndiyo hapa.

Shangazi alikuwa na chumba kimoja Ilala, kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Alitupikia wali wa nazi na samaki, na bibi akaumung'unya ule wali kwa mashaka, akasema ni mtamu mno, chakula cha kumfanya mtu asahau kwao. Mtoto alipopata nguvu shingoni, shangazi akatangaza kwamba hatuwezi kurudi Singida bila kuona mji. Akamfunga mtoto mgongoni, tukaondoka asubuhi.

Tulianza Kariakoo, tukatoka haraka maana bibi alitaka kumwamkia kila mwenye mvi. Tukaenda Makumbusho. Kulikuwa na ngoma za zamani, mikuki, vyungu kama vya kwetu kabisa vimewekwa ndani ya vioo. Halafu tukafika mbele ya fuvu. Shangazi akasoma maandishi akatueleza kwamba ni la mtu wa kale sana, limechimbuliwa Olduvai. Bibi akaniambia nimuulize mlinzi kama mtu huyo alizikwa tena baada ya kufukuliwa. Mlinzi akacheka, akasema hapana, bibi, huyu yuko hapa watu wamwone. Nikamtafsiria. Bibi hakucheka. Aliinama karibu na kile kioo, akazungumza na fuvu kwa Kinyiramba, lugha yetu, pole pole, kama mtu anayempa mgonjwa pole. Tulipotoka nje, tausi mmoja akalia ng'ambo ya ukuta fulani, sauti kama ya mwanamke aliyefiwa, na bibi akaniuliza anayelia ni nani. Nilikuwa sijawahi kuona tausi.

Kisha bahari, ndiyo hasa nilikuwa naingoja kwa woga. Shangazi alikuwa ametusimulia maji yasiyo na mwisho, mawimbi yanayonguruma. Tukafika ufukweni, mwenzangu, bahari haipo. Kuna mchanga mweusi wenye maji maji, majani yanayonuka, mashimo madogo madogo yaliyokuwa yanatoa mapovu yenyewe, na mbali kabisa mstari wa bluu. Maji yalikuwa yamekupwa, lakini sisi watu wa Singida tungejulia wapi? Ziwa la kwetu likikauka ni ukame, ng'ombe wanakufa na watu wanafuata. Bibi alishika mdomo. Shangazi akaeleza kwamba yatarudi mchana, kila siku yanaondoka na kurudi. Bibi akaniambia taratibu, huku akitazama ule mstari, kwamba mahali ambapo hata maji yaliyoondoka hurudi, si mahali pa kukaa na mtoto.

Shangazi alikasirika kidogo. Alikuwa amepanga siku nzima, na sisi tulikuwa tunatembea kama tuko msibani. Akasema basi twende tukapande pantoni, tuvuke Kigamboni tule mihogo, turudi nyumbani.

Pale kivukoni palikuwa na watu wengi, mizigo, baiskeli, mbuzi. Shangazi alikwenda kununua tiketi, mimi na bibi tukasimama kivulini. Nilikuwa nasikia vikombe vya kahawa vikigongana, kle, kle, kle, mwuza kahawa akipita katikati ya watu na birika lake lenye makaa chini. Kle, kle, ikakaribia. Halafu ikanyamaza. Nikasikia mtu anaita "Mama," lakini siyo kwa Kiswahili. Kwa Kinyiramba. Katika mji ule wote.

Nilijua kabla sijageuka. Alikuwa mwembamba, ana pua ya bibi na namna ya bibi ya kuinamisha kichwa upande. Mtu wa gogo. Nikajificha nyuma ya bibi. Bibi hakugeuka. Alikuwa anatazama maji. Yule mtu akaita tena, "Mama," akaja mbele yake akapiga goti kama tunavyofanya kwetu, na bibi akayainua macho yake juu ya kichwa chake akaendelea kutazama maji. Akanibana mkono mpaka ukauma.

"Muulize huyo kijana kama amekula," akaniambia.

Mimi nikarudia maneno yale yale, kwa lugha ile ile, kwa mtu aliyekuwa amepiga goti hatua moja mbele yetu na ameyasikia yote. Alinitazama muda mrefu. Nikaona anaelewa. Sura yake ilibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayesikia maumivu yakipanda.

"Mmenizika?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Alikaa chini pale pale karibu na birika lake, watu wakiruka miguu yake, akaanza kujishikashika mikono na magoti.

Shangazi aliporudi na tiketi alipiga yowe. Yeye hakuwapo kwenye yale mazishi, hakuna sharti lililomfunga, basi alimrukia kaka yake, akamwita jina lake hata sijui mara ngapi, akilia na kucheka, mtoto akilia mgongoni. Akamwambia bibi kwa ukali aache ushamba, mwanao huyu hapa, mguse basi. Bibi machozi yalikuwa yanamtiririka hadi shingoni, lakini mdomo ameufunga.

Tulivuka wote pamoja. Baba mdogo alisimama upande wangu mmoja na bibi upande wa pili, na pantoni ikinguruma chini yetu. Ng'ambo, shangazi alinunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili, bibi akamega vipande vikubwa, akanipa mimi, nami nikampa baba mdogo. Nilimgusa vidole. Vilikuwa vya moto, na hilo lilinishangaza kuliko yote. Alisimulia, akiniambia mimi, kwamba alifanya kazi mashamba ya mkonge Tanga, akaugua, akaona aibu kurudi mikono mitupu, mwaka ukavuta mwaka. Bibi alisikiliza kila neno akiwa ametupa kisogo. Mwisho akanituma nimwambie kwamba yeye anatangulia nyumbani kuwaeleza wazee, na afuate upesi afukuliwe.

Tukarudi. Wazee wakakubali, mbuzi akatengwa. Lakini kabla baba mdogo hajafika, ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Malori yakaja, watu wakapakiwa na vyungu vyao, nyumba zikaezuliwa ili tusirudi, tukamwagwa karibu na barabara chini ya jua. Aliyekuwa na mahindi shambani aliyaacha. Bibi alibishana na kila kiongozi aliyemwona kwamba ana kaburi ambalo hawezi kuliacha, na kila mmoja akamjibu kwamba kila mtu ana makaburi.

Baba mdogo alipokuja, tulikwenda naye kule kwa zamani. Trekta lilikuwa limekwishapita. Zizi halipo, nyumba haipo, ni shamba moja la kijiji kuanzia hapa hadi kule, na hata wazee walianza kubishana nyumba ilielekea wapi. Walichimba kutwa nzima. Baba mdogo mwenyewe alishika jembe, akawa anajitafuta ardhini, jasho linamtoka, na mimi nilikuwa naomba Mungu asije akajipata nikiwa natazama. Hatukupata gogo wala kipande cha shuka. Mzee mmoja akasema mchwa wamelimaliza, basi na mambo yameisha. Bibi akamuuliza ni nani aliyewaona hao mchwa.

Kwa hiyo baba mdogo aliishi nasi hivyo. Alijenga chumba pembeni, akalima, akaoa, na mama yake hakuwahi kumjibu. Asubuhi alikuja kumwamkia bibi, na bibi alikuwa anaendelea kupepeta, huku mkono ukimsogezea kigoda. Uji wake ndio uliokuwa wa kwanza kuepuliwa. "Mwambie yule," ndivyo alivyoanza kila jambo, na mimi niliyabeba maneno yao hadi nikawa msichana mkubwa. Watu wa kijiji kipya walidhani wamegombana. Siku moja, tukipura uwele, baba mdogo alichoka, akatupa fimbo chini.

"Mwambie aniite tu," akasema. "Nikifa, nife."

"Mwambie sikumzaa ili nimuue," bibi akasema, akaendelea na kazi.

Leo mambo hayo hakuna anayeyajua. Kule kwa zamani ni alizeti tupu, nilipita mwaka jana, zimefunga hadi huwezi kuona mtu akisimama ndani yake. Wazee wenye masharti wamekwisha, na watoto wakipotelea mjini siku hizi tunawapigia simu, wasipopokea tunasema ni mtandao. Sijui kama bibi alikuwa sahihi. Nimekwenda shule, nimesali maisha yangu yote, na bado sijui.

Baba mdogo alikufa kwa homa, siku chache tu za kuugua, mvi zikiwa zimeshamwingia. Bibi alikuwa haoni vizuri tena, akaongozwa kwa mkono hadi kaburini. Tulipomshusha, akaomba tusogee. Akakaa chini, akanyoosha miguu, na akamwita. Alimwita jina lake, akalirudia, akamwita kama unavyomwita mtoto aje ale, kama unavyomwita mtu aliye mbali shambani mvua ikija, akamuuliza bahari ilikuwaje na kule Tanga nani alimpikia alipougua. Alikuwa akiuliza, ananyamaza kidogo kungoja jibu, halafu anauliza lingine. Mchungaji alitaka tumwinue tuendelee na ibada, nikamwambia amwache.